Defender ya leo na ile ya zamani: jina moja, gari ngapi?

Mjini Kalemie ukitaja Land Rover Defender, wazee wanaona gari moja tu: mabati ya aluminiamu, ribiti zinaonekana inje, milango inalia, na fundi anaweza kuifungua pembeni ya barabara ya Nyunzu kwa funguo chache. Kijana mwenye simu anaona ingine kabisa, ya bei kali, yenye kioo cha kompyuta mbele ya shofere. Wote wawili wana haki. Shida iko kwa wale wanaoandika ensiklopedia na katalogi za magari: gari ikikufa, kisha jina lake likafufuliwa, waziweke kwenye ukurasa mmoja ao mbili?

Ukoo wa Defender unaanzia Land Rover ya kwanza ya 1948. Umbo tunalolijua lilitoka 1983, na jina lenyewe lilikuja 1990. Ya mwisho ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Mwaka 2019 kampuni ikaonyesha Defender mpya, ambayo inatengenezwa Nitra, inchi ya Slovakia. Ya zamani ilikaa juu ya shasi ya chuma, na ekseli yake ni nzima toka gurudumu hadi gurudumu. Mpya haina shasi ya namna ile: mwili wote ni kitu kimoja cha aluminiamu, na kila gurudumu linapanda na kushuka peke yake. Mbali na beji, ni kidogo sana kinachoweza kutoka kwa moja na kuingia kwa ingine. Wikipedia ya Kiingereza imezipa kurasa mbili, na hapo imefanya vizuri.

Coccinelle ya Volkswagen inaonyesha jambo hilo wazi zaidi. Ya kwanza ina motere nyuma, inapozwa na hewa. Ile iliyofufuliwa mwaka 1997, New Beetle, ina motere mbele, inapozwa na maji, na chini yake ni Golf. Tena zote mbili zilikuwa zinatoka mji mmoja, Puebla kule Mexico, hadi ya zamani ikafungwa 2003. Sasa mtu atasemaje kwamba moja ni mwendelezo wa ingine, na zote ziko hai siku moja?

Wanaotaka ukurasa mmoja wanasema jina ni urithi, na msomaji anatafuta kwa jina. Ni kweli anatafuta kwa jina, lakini jina linauzwa na kulindwa na kampuni, haliendeshi gari. Kuna hata gari ingine, Ineos Grenadier, inayotengenezwa Hambach, Ufaransa, yenye shasi na ekseli za namna ya zamani na sura inayofanana sana na Defender ya kale. Kampuni ya Land Rover ilienda mahakamani Uingereza kulinda umbo lile, ikashindwa 2020. Ukifuata sura, mtoto ni Grenadier. Ukifuata jina, mtoto ni mwingine.

Hapa kwetu mambo haya si mageni. Franka ya Kongo iliondoka 1967 zaire ilipoingia, ikarudi 1998. Anayekuta noti ya zamani ndani ya sanduku la babu hawezi kununua nayo hata samaki mmoja sokoni, ingawa imeandikwa franka. Kinyume chake ni meli Liemba ya Kigoma: Wajerumani waliiita Graf von Götzen, wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Jina tofauti, meli ile ile.

Lakini kuna gari moja isiyokubali kanuni hiyo kwa urahisi, nayo ndiyo tunayoiona kila siku: Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza 1984. Japani iliacha kuiuza nyumbani 2004, ikairudisha kwa muda 2014, kisha tena 2023. Kwa Mjapani ni gari iliyofufuka. Kwa Kalemie haikuondoka hata siku moja. Shasi na umbo vimeendelea, kwa hiyo ukurasa mmoja unatosha. Tofauti iko chini ya boneti: nyingi za huku zina motere 1HZ, dizeli ya silinda sita na lita 4.2, wakati ile ya Japani ya 2023 ina silinda ine na lita 2.8.

Na tofauti hiyo inagusa mfuko. Piesi zinatoka mbali, Lubumbashi ao ng'ambo ya ziwa. Ikifika isiyo yake, gari inalala garaji wiki zingine, hata kama ndiyo inayobeba wagonjwa. Muuzaji akisikia "Land Cruiser" tu, hajasikia kitu: Marekani, tangu 2024, jina hilo peke yake limewekwa kwa gari ambayo Afrika inaitwa Prado.

Jibu liko kwenye kibati kilichopigiliwa ndani ya boneti. Pakiandikwa HZJ79, HZ inaonyesha ukoo wa motere na 79 ni aina ya mwili, pikapu. Pakiandikwa GDJ, motere ni ile ingine. Shofere anayeagiza piesi apige kibati hicho picha, na aitume pamoja na namba ya shasi, mbele ya kutuma makuta.