Damu ya Usiku, Damu ya Mchana

Kazi yangu ni ya maabara, na huku Jomvu na Changamwe naulizwa sana: kipimo cha kweli cha matende ni kipi, kile cha usiku au kile cha dakika 10? Vyote ni vya kweli, ila kila kimoja kinatafuta chake.

Matende na mabusha huletwa na minyoo wanaoenezwa na mbu. Minyoo wakubwa hujibanza kwenye mishipa ya limfu. Wanaoingia kwenye damu ni watoto wao, nao kwetu Pwani hutembea usiku, hasa saa 4 hadi saa 8. Ndiyo maana tukawa tunabisha hodi watu wamelala. Bibi mmoja wa Miritini akaniuliza, "Mwanangu, kwani mchana damu haitoki?" Inatoka, bibi, lakini mchana wale wadogo wamejificha mapafuni.

Damu ya kidole huipaka kwenye kioo mistari mitatu, ikauke, kisha huiosha na kuitia rangi ya Giemsa. Kwenye darubini mdudu huonekana amejipinda ndani ya ala yake nyembamba. Ukishamwona, huna la kubishana: mbu akimuuma mtu huyu, ataweza kumpelekea jirani.

Kipimo cha haraka hakichagui saa. Unatia tone la damu kwenye utepe na kungoja. Mistari miwili ikitokea, umenasa protini ya minyoo wakubwa. Hunasa hata pale watoto ni wachache na kioo kimewakosa. Lakini usome dakika ya 10 barabara. Ukichelewa, hujitokeza mstari wa uongo. Tena protini hiyo hukawia mwilini hata baada ya dawa kuwamaliza watoto.

Kwa hiyo mwaka 2018, Jomvu na Lamu Mashariki zilipogawiwa dawa tatu kwa pamoja, yaani ivamektini, DEC na albendazoli, utepe peke yake usingetosha kuonyesha kama maambukizi yamekatika. Utepe humtambua wa kufuatiliwa; damu ya usiku husema kama bado anaambukiza.

Na mwenye mguu uliokwisha kuvimba asishangae akipimwa kote asionekane na kitu: mara nyingi minyoo wamekwisha kufa, madhara yakabaki. Huyo aoshe mguu kila siku kwa maji na sabuni, aukaushe vizuri katikati ya vidole, auinue anapoketi. Mwenye busha aende hospitali, lile hupasuliwa.