Unataka Kumwita Mwanao Ottavio? Soma Kwanza

Dada mmoja wa kozi yetu alijifungua mtoto wa kiume mwezi uliopita. Hadi leo kadi ya kliniki haina jina, imeandikwa tu "mtoto wa" fulani. Mama anataka jina la Kiitaliano, na si Leonardo au Lorenzo ambayo kila mtu anayajua. Anataka jina ambalo chuo kizima hakuna mwenye nalo. Akaniletea orodha yake tuichambue wote, na juu kabisa kaandika Ottavio. Nikamwambia maana yake ni "wa nane". Akacheka: "Sasa hao saba wako wapi?"

Swali lake ndilo lililonifanya niandike haya. Majina adimu ya Kiitaliano hayakuokotwa tu kwa sababu yanasikika vizuri. Mengi yalikuwa na sababu ya kutolewa, na mengine yana sababu ya kuadimika.

Tuanze na majina ya kuhesabu. Enzi za familia kubwa, Waitaliano waliwaita watoto kwa zamu ya kuzaliwa: Primo, Secondo, Quinto, Sesto, Settimio, Ottavio. Kitinda mimba aliweza kuitwa Ultimo, yaani wa mwisho, na wazazi wakawa wametangaza kwamba wamechoka. Sisi hilo si geni kwetu, tuna mabibi zetu kina Pili na Tatu. Primo Levi, mwandishi aliyetoka hai katika kambi ya Auschwitz, alizaliwa Torino mwaka 1919 akiwa kifungua mimba. Ottavio Bottecchia, Mwitaliano wa kwanza kushinda mbio za baiskeli za Tour de France mwaka 1924, alikuwa kweli mtoto wa nane katika familia ya watoto tisa.

Kwa nini leo majina hayo ni nadra? Hesabu imekata. Mwaka 1964 Italia ilizaliwa watoto zaidi ya milioni 1. Mwaka 2023 hawakufika 380,000. Nyumba nyingi zinaishia mtoto mmoja au wawili, kwa hiyo hata Quinto anakosa pa kutokea, sembuse Ottavio.

Kundi la pili ni majina ya siku. Aliyezaliwa Krismasi aliitwa Natale, wa Pasaka akaitwa Pasquale, wa Jumamosi akaitwa Sabatino. Haya nayo tunayaelewa bila mkalimani, kwa kuwa mitaani kwetu kina Juma na Hamisi wamejaa.

La tatu ni majina ya shukrani. Diodato ni "aliyetolewa na Mungu". Fortunato ni mwenye bahati. Benvenuto ni "karibu", kama unavyomkaribisha mgeni mlangoni. Benvenuto Cellini, mfua dhahabu na mchongaji aliyezaliwa Firenze mwaka 1500, alieleza mwenyewe kwamba wazazi wake walikuwa wakitarajia msichana. Alipotokea mvulana, baba akasema basi na awe karibu, na jina likawa hilo.

La nne ni majina ya watakatifu wa miji. Gennaro ni wa Napoli, Ambrogio wa Milano, Petronio wa Bologna, Oronzo wa Lecce, Efisio wa Cagliari kule Sardinia. Ukikutana na Efisio, unaweza kubahatisha kwao kabla hajafungua mdomo. Mengi yamedumu kwa sababu ya desturi, hasa kusini, ya kumpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba. Wakikuyu wanafanya vilevile. Kwa hiyo kijana wa miaka ishirini anayeitwa Oronzo huenda hakuchaguliwa jina lile kwa mapenzi ya wazazi. Amebeba deni la ukoo.

La tano ni majina ya siasa, na hapa ndipo mambo huwa mazito. Wapo wazazi walioandika itikadi zao kwenye cheti cha mtoto: Libero (huru), Spartaco (yule kiongozi wa watumwa walioasi Roma), Ribelle (mwasi). Comunardo Niccolai, beki wa Cagliari iliyochukua ubingwa wa Italia mwaka 1970, alipewa jina la kukumbuka Komyuni ya Paris ya mwaka 1871. Lakini mfano mkubwa kuliko yote ni wa mwaka 1883, kijijini Predappio. Mhunzi mmoja msoshalisti alimpa mwanawe jina la Benito Juárez, rais wa Meksiko aliyekuwa shujaa wa wanyonge. Mtoto huyo ni Benito Mussolini. Alikuja kuwafunga wasoshalisti wenzake baba yake, na mwaka 1935 akaivamia Ethiopia. Baba alichagua jina kwa matumaini, mwana akalichafua. Baada ya vita, Waitaliano wengi wakaanza kulikwepa.

Sasa, je, Italia unaweza kumwita mtoto chochote? Hapana. Sheria ya mwaka 2000 inakataza mtoto kupewa jina la baba yake aliye hai, au la ndugu yake aliye hai. Inakataza pia jina la ukoo kutumika kama jina la kwanza, na majina ya kuchekesha au ya aibu. Mwisho ni majina matatu. Mzazi aking'ang'ania, msajili anaandika, kisha anampelekea taarifa mwendesha mashtaka.

Ndivyo ilivyotokea Genoa, ambako wazazi walimwita mwana wao Venerdì, yaani Ijumaa. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ilikataa. Majaji waliona jina hilo litawakumbusha watu yule mtumishi wa Robinson Crusoe katika riwaya ya Daniel Defoe, na mtoto atachekwa na kuonekana mtu wa chini. Wakaagiza aitwe Gregorio, jina la mtakatifu wa siku aliyozaliwa.

Niliposoma hilo nilikaa kimya kidogo. Yaani jina ambalo kwetu ni Juma, jina la wajomba, mashekhe na makocha wa mpira, kule lilifikishwa mahakamani kama aibu. Na si kwamba Waitaliano hawapendi majina ya siku, maana Sabatino na Pasquale wapo. Neno lenyewe halina kosa. Kilicholiponza ni hadithi iliyokwisha kuganda juu yake mahali pale.

Hapo ndipo ninapotaka wenzangu mnaotafuta majina msimame kidogo. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nilikuwa naita majina kwenye daftari la mahudhurio, nikafika kwa kijana anayeitwa Shida. Darasa likaguna, wengine wakacheka. Yeye akasimama, akasema, "Nipo mwalimu. Ni jina la babu yangu." Wakanyamaza. Alikuwa na jibu.

Jina adimu litaulizwa tu, shuleni, kazini, hata siku ya posa. Kwa hiyo kabla hujaandika, jiulize mambo matatu. Maana yake nini, na inamhusu mtoto wangu? Kule linakotoka lina hadithi gani? Na mwalimu wa darasa la kwanza atalisomaje? Kwa Kiitaliano c mbele ya e au i ni "ch", na g ni "j". Ciro ni Chiro, Calogero ni Kalojero. Ukimwandika Ciro, jiandae kusikia "Siro" kila asubuhi.

Yule dada amekwisha kumfuta Ottavio. Sasa anababaika kati ya Diodato na Benvenuto, kwa kuwa mimba ilimsumbua sana na kuna usiku walidhani wamempoteza mtoto. Sikumwambia achague lipi. Nilimwambia tu kwamba kwa yote mawili, siku mwanawe akiulizwa darasani kwa nini anaitwa hivyo, atakuwa na la kusema.