Nasaba ya Bia

Bia ikishachanganywa haitenganishiki tena. Ukifungua valvu ukaacha tangi moja lijaze jingine, hakuna chujio wala mtambo utakaokurudishia zile mbili ulizokuwa nazo asubuhi. Kuanzia hapo, bechi za awali zinabaki katika maandishi peke yake. Kwa hiyo programu ya kusimamia kiwanda cha bia naipima kwanza hapa, kabla ya kutazama ripoti zake za mauzo: je, inajua bechi hii ilitokana na zipi, na imezaa zipi?

Kugawa kunaonekana jambo dogo. Una hektolita 60 za bechi namba 12. Unapeleka 30 kwenye tangi la pili zikaongezewe hopsi, zilizobaki unazijaza kwenye mapipa. Wengi huandika 12A kwa ya hopsi na 12B kwa ya mapipa, wakaendelea na kazi. Lakini hopsi hunywa bia. Kile zinachokinywa, tuseme hektolita 2, ni hasara ya 12A peke yake, na 12B haistahili kubebeshwa hata shilingi ya hasara hiyo. Programu inayorundika upotevu wote juu ya namba 12, kisha kuugawa sawa kwa sawa, inamwambia mwenye kiwanda kwamba bia yake ya hopsi nyingi ina faida kubwa kuliko ilivyo kweli. Naye atapanga bei kwa kuuamini uongo huo.

Wapishi wa London waliyajua haya zamani, kabla ya kompyuta. Katika kiwanda cha Fuller's, Chiswick, kimea cha mpiko mmoja kilikamuliwa mara mbili: maji ya kwanza mazito, ya pili mepesi. Kila mkamuo ulichemshwa peke yake, kisha mikamuo hiyo ikachanganywa kwa vipimo tofauti ili kupata Golden Pride, ESB, London Pride na Chiswick Bitter. Kila moja ya bia hizo ina wazazi wawili, na wazazi hao ni ndugu wa tumbo moja. Ukichora mstari wa bechi moja kwenda bidhaa moja, umeshapotea. Kinachohitajika ni shajara, kama ile ya ukoo.

Kilichowafanya Waingereza waandike kwa makini kilikuwa kodi. Mwaka 1880 serikali ya waziri mkuu Gladstone iliondoa kodi ya kimea na kuihamishia kwenye maji ya kimea, kwa wingi na uzito, kabla hayajachachuka. Utaratibu huo uliendelea hadi 1993, kodi ilipoanza kutozwa kwa kilevi kilichomo katika bia iliyokamilika. Kwa zaidi ya miaka 100, basi, mpishi alilazimika kuweka kwenye daftari kiasi na uzito wa alichopika, siku kwa siku. Nayaheshimu madaftari hayo. Yanaonyesha kwamba hesabu ya mchanganyiko iliwezekana kwa kalamu na wino, kwa sababu aliyeiandika alikuwa amesimama kando ya chombo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Hektolita 40 zenye kilevi cha asilimia 5.2, zikikutana na 60 zenye asilimia 4.2, zinatoa hektolita 100 zenye asilimia 4.6. Gharama nayo inafuata njia hiyohiyo: kila mzazi anachangia kwa kadiri ya alichomimina. Ukali wa asidi, kwa kipimo cha pH, hauendi kwa wastani namna hiyo, na programu inayoukokotoa kwa njia ileile inafaa izuiwe. Bia iliyochanganywa ipimwe upya.

Penye uzito hasa ni kwenye uchafuzi. Kuna aina ya hamira iitwayo diastatikasi, inayokula sukari ambazo hamira ya kawaida huziacha. Ikiingia kwenye chupa huendelea kuchachua taratibu, gesi ikijaa, mpaka chupa ipasuke mkononi mwa mtu. Hamira hiyo haijali asilimia. Ikiwa tangi bovu lilichangia sehemu moja katika mia, huwezi kusema mchanganyiko ni mbovu kwa asilimia moja. Bia yote imeguswa.

Kwa hiyo nasaba moja inadai hesabu mbili. Ya kwanza ni ya kiasi, na ndiyo ya kodi, bei na nguvu ya bia. Ya pili ni ya mguso, ambayo jibu lake ni ndiyo au hapana, na ndiyo ya usalama wa mnywaji. Programu inayotumia hesabu ya kwanza kujibu swali la pili, kwa kuficha wazazi walio chini ya kiwango fulani ili ukurasa usijae, ni ya hatari. Siku ya kuondoa bia madukani, aliyefichwa ndiye anayetafutwa.

Mapipa ya mwaloni yanaufanya mtihani huu kuwa mgumu zaidi. Rodenbach, ya Roeselare nchini Ubelgiji, huchanganya bia changa na bia iliyolala miaka miwili katika mapipa makubwa, mengine yakiwa yameishi miaka mingi kuliko binadamu yeyote. Sasa fikiria pipa linalopunguzwa nusu kila mwaka kisha kujazwa tena bila kumalizwa. Baada ya mara tano, bia ya kwanza imebaki kama asilimia 3, na haiishi kamwe. Kwa hesabu ya kiasi, inakaribia kutoweka. Kwa hesabu ya mguso, kila bechi iliyowahi kuingia humo bado ni mzazi, na shajara haina mwanzo ila siku pipa lilipomalizwa likaoshwa hadi kuua vijidudu. Basi kuosha chombo hivyo nako kuandikwe kama tukio, kwa tarehe na saa, maana ndiko kunakokata ukoo.

Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 178 ya 2002 inamtaka mfanyabiashara wa chakula ajue amenunua kwa nani na amemuuzia nani. Yanayotokea kati ya kuta zake, tangi kwa tangi, kwa sehemu kubwa ameachiwa mwenyewe.

Na kati ya kuta hizo kuna mipira. Mpira wenye kipenyo cha milimita 50 kwa ndani na urefu wa mita 20 unabeba lita 39. Usipomwagwa na kuoshwa, lita hizo zitaingia kwenye tangi linalofuata, na bechi mbili ambazo hakuna aliyeamua kuzichanganya zitakuwa zimechanganyika, bila mstari hata mmoja kwenye kompyuta.