Chokaa Ndani ya Mishipa: Tuelewe Jambo Kabla ya Kuteua Neno

Walimu na wanafunzi wanaotafsiri maandishi ya tiba hukutana na habari za mishipa ya damu kuingia chokaa. Katika makala haya tunafafanua jambo lenyewe kwanza, kwa kuwa neno lisilofaa humpotosha mgonjwa.

Kalisi na fosfeti ndizo zinazoupa mfupa ugumu wake. Zikijijenga mahali pasipo pake, kama vile katika kuta za ateri, ateri hukakamaa na moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi. Hali hii huwapata hasa wazee, wenye kisukari na wenye maradhi sugu ya figo.

Zamani ilidhaniwa kuwa madini hayo hujikusanya tu, kama utando mweupe ndani ya birika. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulisaidia kubadili fikra hiyo. Panya wa maabara waliozaliwa bila protini iitwayo MGP walikufa katika muda wa miezi miwili, kwa sababu ateri zao ziliingia chokaa na kupasuka. Ikadhihirika kwamba mwili wenyewe huizuia chokaa. Kinga hiyo ikipungua, seli za mshipa huweza kuanza kutenda kama seli za mfupa.

Vipandikizi navyo havisalimiki. Vali za moyo zitokanazo na tishu za nguruwe au ng'ombe hutiwa glutaraldehaidi ili ziwe imara, lakini kemikali hiyo hiyo huchangia kuzivutia kalisi. Kwa kijana huharibika upesi kuliko kwa mzee. Vali za kaboni na metali hudumu zaidi, ila mgonjwa hutumia warfarini maisha yake yote. Nayo warfarini huzuia kazi ya vitamini K, ambayo MGP huihitaji.

Nchini Uganda na kwa majirani zake jambo hili si la vitabuni tu. Homa ya baridi yabisi, inayofuatia maambukizi ya koo yasiyotibiwa, huharibu vali za watoto na vijana. Hao ndio hukabiliwa na uchaguzi huo mgumu.

Kwa hiyo tunashauri mfasiri asiandike "kuziba kwa mishipa", kwani mshipa huweza kukakamaa bila kuziba. Wala asiseme "uchafu", mgonjwa akadhani utasafishwa. "Kujijenga kwa chokaa" kunaeleza vyema zaidi: ni kazi ya ujenzi, ila imefanyika pasipostahili.