Kuotesha Uwanja wa Klova Shuleni

Mimea jamii ya kunde hufundishwa aghalabu kwa chaki na ubao. Mwalimu huchora mzizi wenye vinundu, huandika kwamba ndani ya vinundu hivyo wamo bakteria wanaotwaa nitrojeni ya hewani, na wanafunzi hunakili. Wakati huo huo, nje ya dirisha, kiwanja cha shule ni kitupu. Kimefagiwa mpaka kinang'aa, na kila mvua inyeshapo maji mekundu huteremka nayo rutuba kuelekea bondeni. Makala haya yanakusudia kuwaonyesha walimu wanachuo, hasa wale watakaopangiwa shule za nyanda za juu, jinsi mambo hayo mawili yawezavyo kushughulikiwa kwa kazi moja, nayo ni kuotesha kipande cha uwanja wa klova kwa mbegu.

Klova ni mmea mdogo utambaao, wenye jani lililogawanyika katika vijani vitatu, na ndiyo maana wataalamu wa mimea huuita Trifolium, yaani majani matatu. Iko klova nyeupe iliyotoka Ulaya, Trifolium repens, ambayo kwa miaka mingi imepandwa huko kwa malisho na kwa kupamba viwanja vya nyumba. Iko pia klova ya kwetu, Trifolium semipilosum, iotayo yenyewe katika malisho ya nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia, aghalabu pamoja na nyasi za kikuyu. Hii ya kwetu ina mzizi mkuu ushukao chini zaidi, hivyo huvumilia kiangazi kuliko ile ya Ulaya. Zote mbili hupenda ubaridi na unyevu. Mwalimu aliye Njombe, Mufindi, Makete, Lushoto au katika miteremko ya Kilimanjaro anaweza kuzitumainia; aliye Mtwara, Dodoma au Tanga mjini asipoteze fedha yake. Huyo na afundishe somo hili la mizizi kwa kunde, na kiwanja chake akifunike kwa ukoka.

Kabla ya kugusa jembe, yatupasa kusema neno juu ya kazi yenyewe. Mwalimu Julius Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alikusudia kazi ya mikono iungane na masomo. Katika kukagua mazoezi ya kufundisha tumeona mara nyingi kazi bila somo: watoto wanalima, mwalimu yuko kivulini, na hapana mmoja awezaye kueleza kwa nini tuta limeelekezwa upande huu na si ule. Vibaya zaidi, jembe hupewa mtoto aliyechelewa au aliyepiga kelele. Mtoto wa namna hiyo hujifunza jambo moja tu, kwamba udongo ni mahali pa wakosaji, naye akimaliza shule ataukimbia. Kwa hiyo tunashauri kwamba kipande cha klova kisitumike kamwe kwa adhabu, na kila siku ya kazi iwe na swali lililoandikwa katika andalio la somo, ambalo wanafunzi watarudi nalo darasani wakiwa na jibu.

Mahali pachaguliwe penye jua, palipo na mteremko mdogo, mbali na njia na mbali na goli. Klova hustahimili kukanyagwa kwa kiasi, lakini haivumilii mpira wa kila jioni. Katika Nyanda za Juu za Kusini wakati mwema ni Desemba hadi Februari, ili mimea iwe imeshika mizizi kabla ya kiangazi na baridi ya Juni. Udongo utifuliwe, magugu yaondolewe pamoja na mizizi yake, kisha usawazishwe kwa reki mpaka uwe laini. Hapa mwalimu asiharakishe. Mbegu ya klova ni ndogo mno. Gramu moja ina mbegu zipatazo 1,500, na bonge la udongo lenye ukubwa wa yai huweza kuzizika kadhaa zisionekane tena. Udongo wenye ukali mwingi wa asidi haufai. Chokaa ya kilimo ikipatikana ichanganywe mapema.

Udogo wa mbegu, ambao huwasumbua wakulima, kwetu sisi walimu ni hazina ya hesabu. Tuchukue darasa la wanafunzi 48, nasi tuligawe katika makundi sita ya watu wanane. Kipande kiwe na urefu wa mita 6 na upana wa mita 4, kikatwe kwa kamba kuwa miraba sita ya mita 2 kwa 2. Kiasi cha gramu moja kwa mita mraba kinatosha. Shule nyingi hazina mizani ya kupima kitu chepesi namna hiyo, lakini kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu huchukua karibu gramu 4, kwa hiyo kila kundi lipewe kijiko kimoja. Sasa waulizwe: ikiwa kijiko kina mbegu 6,000, je, kila mraba wa sentimita 10 kwa 10 utapata mbegu ngapi? Miraba hiyo midogo ni 400, basi jibu ni 15. Waliandike jibu hilo na kulitunza, kwa maana watalihitaji.

Kijiko cha mbegu kichanganywe na vikombe viwili vya mchanga mkavu, mweupe kama upatikana, ili jicho lione palipokwisha kumwagwa na pasipomwagwa. Nusu ya mchanganyiko itawanywe kwa kwenda kaskazini na kusini, na nusu ya pili mashariki na magharibi. Kisha reki ipitishwe kwa mkono mwepesi. Mbegu isizame zaidi ya nusu sentimita. Ubao ulazwe juu na watoto waukanyage taratibu ili mbegu zishikamane na udongo. Maji yanyunyizwe kwa kopo lililotobolewa matundu madogo, asubuhi na jioni mvua isiponyesha, wala yasimwagwe kwa ndoo, kwani mbegu zote zitakusanyika pembeni.

Baada ya siku tano hadi kumi miche itachomoza. Mwalimu awatahadharishe wanafunzi kwamba majani mawili ya kwanza ni ya mviringo, hayafanani na klova, ili wasiyang'oe wakidhani ni magugu. Miche ikitimiza wiki mbili, kila kundi litengeneze fremu ya vijiti ya sentimita 10 kwa 10, liitupe mahali patano bila kuchagua, lihesabu miche na kutafuta wastani. Watapata 9, au 6, mara chache 15. Kwa nini? Wengine watasema ndege, wengine mbegu mbovu, wengine watamshutumu mwenzao aliyetawanya. Mabishano hayo yasikatizwe. Kila dhana iandikwe ubaoni na kuulizwa itathibitishwaje. Dakika 20 za mabishano ya namna hii ni bora kuliko kurasa tatu za kunakili.

Sasa tuje kwenye mizizi, ambayo kwetu ndiyo kiini cha somo. Miche ikitimiza wiki sita hivi, kila kundi litoe mmea mmoja. Using'olewe. Mmea uking'olewa vinundu hubaki ardhini, na mwalimu hulazimika kuwaambia watoto waamini wasichokiona. Bonge la udongo likatwe kwa kisu kuuzunguka mmea, lilowekwe katika ndoo ya maji robo saa, kisha mizizi ioshwe polepole kwa vidole. Vinundu vya klova ni vidogo, virefu kidogo, wala havifikii ukubwa wa vinundu vya maharage. Kimoja kipasuliwe kwa wembe na mwalimu mwenyewe. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria wanafanya kazi; kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi kazi au wamekwisha kuchoka. Mwalimu atofautishe pia vinundu na uvimbe uletwao na minyoo midogo ya udongo: kinundu kimebandikwa pembeni ya mzizi na hubanduka kwa kidole, ilhali uvimbe ni mzizi wenyewe uliofura.

Ni mwaka 1888 ambapo Hellriegel na Wilfarth, Wajerumani, walichapisha majaribio yaliyothibitisha kwamba mimea hii hupata nitrojeni ya hewani kwa msaada wa vinundu hivyo. Kati ya sehemu 100 za hewa kavu, 78 ni nitrojeni, lakini mmea pekee hauwezi kuitumia. Bakteria huigeuza, na mmea huwalipa kwa sukari.

Hapa tungependa kusahihisha kauli moja iliyoenea katika madaftari ya shule, kwamba kunde "hutia mbolea ardhini". Nitrojeni iliyotwaliwa hukaa kwa sehemu kubwa mwilini mwa mmea. Jirani yake huipata majani na mizizi inapooza. Anayevuna maharage, akang'oa mashina yote na kuyachoma, ameacha kidogo sana. Kwa sababu hiyo klova ikifyekwa, majani yaachwe palepale. Tenga mraba mmoja ambao majani yake yataondolewa kila mara, na mwingine yataachwa. Nyasi zitakazojipenyeza zilinganishwe kwa rangi na urefu mwaka unaofuata.

Yawezekana vinundu visionekane kabisa. Bakteria wa maharage hawafai kwa klova, na hata klova ya Ulaya na ile ya nyanda zetu huhitaji aina tofauti. Anayepanda ya kwetu achukue udongo kiasi cha ndoo mahali ilipoota yenyewe, auchanganye katika kipande chake. Anayenunua mbegu ya klova nyeupe amwulize muuzaji kama ana bakteria wa klova hiyo.

Kuhusu mmomonyoko, debe likatwe kwa urefu lipate kuwa masinia mawili. Moja lijazwe udongo mtupu, jingine pande la klova pamoja na udongo wake. Yainamishwe sawasawa, kila moja linyweshwe lita moja kwa kopo lenye matundu, na maji yanayotiririka yakingwe katika chupa. Chupa hizo ziwekwe juu ya meza siku ya mkutano wa wazazi, bila maelezo mengi. Desturi ya kufagia kiwanja imekita kwa sababu watu huogopa nyoka na huona aibu ya majani, na sababu hizo si za kudharauliwa. Kinachohitajika ni kufyeka mara kwa mara kwa fyekeo kali, na kuacha sentimita 5 hivi.

Kufyeka huko kuna faida nyingine. Maua ya klova huwavutia nyuki, na watoto wengi hutembea bila viatu. Kipande kilicho karibu na madarasa kifyekwe maua yakianza tu kuonekana. Mbuzi wa jirani nao wazuiwe kwa uzio, kwa ajili ya klova na kwa ajili yao wenyewe, maana mnyama mwenye njaa akila klova nyingi mbichi huvimba tumbo na huweza kufa.

Mraba mmoja tu ulio mbali uachwe utoe maua na mbegu. Vichwa vikikauka na kuwa vya hudhurungi vikusanywe, visuguliwe kwa viganja na kupepetwa. Mbegu changa za nyumbani nyingi zina ganda gumu lisilopitisha maji. Hamsini zisuguliwe kidogo kwa msasa, hamsini ziachwe kama zilivyo, zote zilazwe juu ya kitambaa chenye unyevu katika visahani viwili. Zile zisizosuguliwa zisitupwe baada ya wiki moja. Kitambaa kiendelee kuloweshwa hadi mwisho wa muhula, kwa kuwa baadhi yake zitaota wiki nyingi baadaye, na wanafunzi wa zamu wataandika tarehe ya kila moja.