Fereti: mwindaji mdogo anayehitaji idhini ya nyumba nzima

Asubuhi ya Januari mashambani Uingereza, umande umeganda juu ya nyasi na pumzi ya mtu inaonekana kama moshi. Watu wawili wamepiga magoti kando ya ua wa miti, wakitandaza vyavu vidogo juu ya kila shimo la sungura mwitu wanaloliona. Hakuna anayezungumza. Mmoja anafungua kisanduku cha mbao, anamtoa mnyama mrefu, mwembamba, mwenye manyoya ya rangi ya krimu, na kumwachia kwenye mdomo wa shimo. Mnyama ananusa, anaingia, anapotea. Dakika chache baadaye vishindo vinasikika chini ya ardhi, na sungura anachomoka kwa kasi hadi ndani ya wavu.

Hiyo ndiyo picha inayowavutia vijana wengi wa huko kufuga fereti. Lakini kazi hiyo huchukua saa chache za siku chache katika majira ya baridi. Muda mwingine wote mnyama yuko nyumbani, na kwa kijana anayeanza, nyumba hiyo mara nyingi ni ya wazazi wake. Ndani yake yumo mama asiyependa harufu, mtoto anayetambaa, na huenda sungura wa kufugwa wa dada mdogo. Ndiyo maana ufugaji wa fereti hufaulu au hushindikana nyumbani kabla haujafika shambani.

Ndugu wa kicheche

Afrika Mashariki haina fereti porini, lakini ina ndugu zake: kicheche mwenye mistari myeupe mgongoni, nyegere na fisi maji, wote wa ukoo mmoja. Fereti mwenyewe ni mnyama wa kufugwa aliyetokana na jamii ya vicheche wa porini wa Ulaya. Jike kwa kawaida hafiki kilo moja. Dume anaweza kufika kilo mbili.

Kazi yake ni ya kale. Mwanajiografia Strabo, aliyeandika yapata miaka 2,000 iliyopita, alieleza jinsi watu wa Hispania walivyotumia wanyama wa aina hiyo kutoka Libya, wakiwafunga midomo na kuwaingiza mashimoni ili wawatoe sungura nje. Uingereza nayo ilifuga sungura kwa ajili ya nyama na manyoya tangu enzi za Wanormani, wakatoroka, wakazaana, wakawa waharibifu. Ugonjwa wa miksomatosisi uliingia nchini humo mwaka 1953 na kuwaua kwa wingi mno, lakini hawakwisha. Mwaka 1954 ikatungwa sheria inayowabebesha wenye ardhi wajibu wa kuwadhibiti. Hadi leo sungura hutafuna ngano ikiwa changa na kutoboa kingo za mitaro na tuta za reli. Mahali ambapo bunduki ni hatari na sumu haifai, fereti bado ana kazi.

Kazi hiyo hafundishwi. Panya buku wa shirika la APOPO mjini Morogoro hupitia miezi ya mafunzo kabla ya kunusa mabomu ya kutegwa ardhini au kifua kikuu. Fereti huingia shimoni kwa sababu ndivyo alivyozaliwa. Anachopaswa kufundishwa ni kuishi na watu, na watu nao kuishi naye.

Kikao kabla ya kununua

Sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006, inayotumika Uingereza na Wales, inakataza kumuuzia mnyama mtoto aliye chini ya miaka 16. Inasema pia kwamba mnyama akiwa wa mtoto wa umri huo, mzazi au mlezi anayemtunza mtoto huyo naye anahesabiwa kuwa na wajibu juu ya mnyama. Mzazi anayesema, "Huyo ni wako, usinihusishe," tayari sheria imemhusisha.

Hata kwa kijana mkubwa, hesabu ya miaka inatosha kuitisha kikao. Fereti huishi miaka sita hadi kumi. Anayemnunua akiwa na miaka 17 anaweza kuwa na 25 mnyama akiwa bado hai. Katikati hapo kuna chuo, kazi ya mji mwingine, chumba cha kupanga ambacho mwenye nyumba hataki wanyama. Nani atabaki akimlisha? Nani atalipa daktari wa mifugo? Kibanda kitakaa wapi ili harufu isiingie dirishani kwa jirani? Maswali hayo yakijibiwa mezani kabla ya kununua, huzuia ugomvi baadaye. Yasipojibiwa, jibu huwa ni mama.

Na mama akikataa, njia haijafungwa. Mwanafunzi mzuri wa kazi hii huanza bila mnyama. Huomba kumfuata mfugaji mwenye uzoefu kwa majira mazima ya baridi, akimbebea vyavu, akichimba, akisafisha vibanda. Mwisho wa msimu atajua kama anaipenda kazi au aliipenda picha tu, na nyumbani watakuwa wamemwona akiamka alfajiri kwenye baridi bila kusukumwa. Ushahidi huo hushinda maneno mengi.

Harufu, kibanda na mlo

Harufu ndiyo lalamiko la kwanza katika nyumba nyingi. Fereti ana harufu yake, na dume asiyehasiwa hunuka zaidi msimu wa kupandana. Kuhasi hupunguza sana. Kumwogesha mara kwa mara hakusaidii, kwani ngozi hujibu kwa kutoa mafuta zaidi na harufu hurudi. Kinachosaidia ni usafi wa kila siku. Fereti huchagua kona moja ya kujisaidia, hivyo kona hiyo ikisafishwa asubuhi na jioni, kazi kubwa imekwisha.

Kibanda cha nje kinafaa kuliko chumbani, mradi kikingwe na upepo, mvua na jua. Baridi huivumilia akiwa na nyasi kavu nyingi za kulalia. Joto ndilo adui: likipita nyuzi 30 linaweza kumuua. Mabati ya waya yawe na matundu madogo, maana palipopita kichwa chake, mwili nao hupita. Komeo liwe la kuaminika. Fereti aliyetoroka usiku akaingia banda la kuku la jirani huacha maiti nyingi, na uhusiano wa mtaa mzima huingia matatani.

Chakula chake ni nyama. Utumbo wake ni mfupi, chakula hupita kwa saa chache, hivyo hula kidogo kidogo mara nyingi. Mkate na maziwa, mlo waliopewa fereti wengi zamani, haumtoshi. Leo wengi hupewa nyama mbichi yenye mifupa au chakula kikavu kilichotengenezwa kwa ajili yao. Hapo familia inahitaji makubaliano mengine: nyama hiyo itakaa friji ipi, kwenye chombo gani, na nani atafuta sinki.

Kwa kuwa hupenda kuwa na wenzake, ni afadhali kufuga wawili. Hulala sehemu kubwa ya siku, lakini wakiamka hutaka kutoka, kucheza na kushikwa. Wakiingizwa ndani, mashine ya kufulia na makochi hukaguliwa kwanza, kwani hupenda kujipenyeza humo. Vipande vya mpira huviokota na kuvimeza, vikaziba utumbo.

Meno na mikono

Kitoto cha fereti huachana na mama yake kikiwa na wiki nane hivi, na huuma. Hufanya hivyo kama anavyocheza na ndugu zake, bila kujua kwamba ngozi ya binadamu haina manyoya. Kosa la wanaoanza ni kumweka chini mara tu anapouma. Mnyama hujifunza haraka kwamba meno humpatia uhuru. Anayejua humshika kwa utulivu, kiganja kikizunguka kifua na mabega, na kumweka chini akiwa ametulia. Hurudia hivyo kila siku, mara kadhaa, kwa wiki nyingi.

Wanafamilia wote wanaotaka kumshika wafundishwe namna moja. Mmoja akimshika vizuri na mwingine akipiga kelele na kumtupa, mafunzo huharibika. Kwa mtoto mchanga hakuna mjadala: fereti na mtoto mchanga wasiachwe pamoja bila mtu mzima hata kwa dakika moja. Sungura wa kufugwa wa dada mdogo naye akae mbali kabisa. Fereti hatofautishi sungura wa nyumbani na wa shambani.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa fereti, jembe haliji siku ya tatu. Aliyezaliwa mwanzoni mwa kiangazi hushikwa, hulishwa na kuzoeshwa kwa miezi, na huonja kazi baridi inapoingia.

Jike na mafua

Mambo mawili ya afya hayawezi kusubiri. La kwanza ni jike. Akiingia kwenye joto msimu wa machipuko, hubaki hivyo mpaka apandwe. Homoni zikikaa juu muda mrefu, mwili huacha kutengeneza damu ya kutosha na anaweza kufa. Mfugaji anayeanza asidhani njia pekee ni kumzalisha, kwani uzao mmoja unaweza kuleta vitoto vinane au zaidi visivyo na pa kwenda. Daktari wa mifugo anaweza kutumia sindano au kipandikizi cha homoni, au kumfunga kizazi. Wapo pia wanaotumia dume aliyekatwa mirija ya mbegu, ambaye humtoa jike kwenye joto bila kumpa mimba.

La pili ni mafua. Mwaka 1933 wanasayansi mjini London, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw, walithibitisha kirusi cha mafua ya binadamu kwa kuwaambukiza fereti. Miaka michache baadaye mtafiti mmoja aliugua baada ya fereti kumpigia chafya. Maana yake nyumbani ni nyepesi: mwenye mafua amwachie mwingine zamu ya kibanda, na fereti anayepiga chafya asipakatwe na bibi.

Siku ya kwanza shambani

Kibali cha mwenye shamba ndicho mwanzo, na ni vyema kiwe cha maandishi. Kuingia bila kibali ni ujangili, hata kama sungura wamejaa. Msimu mzuri ni kuanzia vuli hadi mwisho wa baridi, majani yakiwa yamepungua na mashimo yakionekana. Machipuko yakifika kuna vitoto vya sungura mashimoni, na fereti akivikuta huua, hula na kulala hukohuko.

Kwa sababu hiyohiyo, kumwacha na njaa ili awe mkali ni kosa. Mwenye njaa hukaa na windo lake chini. Ale kidogo kabla ya kutoka, afanye kazi, anywe maji, apumzike. Avae kola yenye kifaa cha kutoa mawimbi, ili mwenye kipokezi juu ya ardhi ajue alipo na kina chake, kisha achimbe. Sungura aliyenaswa auawe mara moja, bila mateso; asiyejua namna ya kufanya hivyo ajifunze kwanza kwa mwenye uzoefu. Mashimo yaliyochimbwa yafukiwe. Na hakuna anayekwenda nyumbani fereti akiwa bado chini, hata giza likiingia.

Fereti aliyeachwa porini anaweza kuwa janga. New Zealand iliwaingiza miaka ya 1880 ili wapunguze sungura. Sungura walibaki, na fereti wakageukia ndege wa asili, kiwi akiwa mmoja wao. Tangu mwaka 2002 ni marufuku nchini humo kuwauza au kuwazalisha. Watu wa kando ya Ziwa Victoria, waliomwona sangara akiingizwa na samaki wadogo wa asili wakitoweka, hawahitaji maelezo marefu. Fereti ana mahali pake na sungura wake. Hapaswi kuletwa huku.

Jioni, kabla mwindaji hajavua buti, mnyama hutangulia. Hukaguliwa majeraha na kupe, hukaushwa, hulishwa, huwekewa nyasi kavu. Kisha sungura huchunwa na kuingia chunguni, na nyumba iliyovumilia harufu hupata kitoweo. Lakini kipimo cha kukubalika si kitoweo. Ni ule usiku wa baridi kali kijana akiwa safarini, na mama aliyekuwa amekataa anachukua tochi, anatoka mwenyewe kuangalia kama maji ya fereti yameganda.