KAMERA YA MTUMBA: NUNUA KWA MACHO, RUDISHA KWA USHAHIDI

Mwanafunzi anayetaka kupiga picha za michezo au za sherehe hukumbana na kizingiti kimoja: bei ya kamera mpya. Ndipo anapogeukia mtumba. Si aibu. Marehemu Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia, alianza na Box Brownie ya mkono wa pili.

Siku hizi soko hilo limehamia mtandaoni. Mtu wa Kilimani huketi zake nyumbani, akafungua Jiji au Facebook Marketplace, akaona Canon au Nikon ya bei poa, na papo hapo kidole kikaanza kumwasha atume pesa. Pole pole, ndugu! Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Pesa hizo mara nyingi ni jasho la mzazi.

Kanuni ya kwanza: usitume hata ndururu kabla ya kuiona kamera. Muuzaji akikwambia ati kuna wateja wengine kumi, kwa hivyo tuma "ya kushikilia", mwambie awauzie hao kumi. Kutaneni mchana, mahali penye watu na walinzi, kama vile Yaya Centre au Prestige Plaza kule Ngong Road. Nenda na mzazi au mtu mzima unayemwamini. Beba kadi ya kumbukumbu yako, tochi na karatasi nyeupe.

Kanuni ya pili: kague. Mulika tochi ndani ya lenzi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Huila lenzi na kuiondoa ni kazi ghali. Vumbi kidogo si neno. Kisha punguza tundu la lenzi hadi f/16, upige picha ya karatasi nyeupe; madoa yanayorudi pale pale katika kila picha ni uchafu ulio juu ya sensa. Funika lenzi upige tena. Nukta zinazong'aa gizani ni kasoro ya sensa yenyewe. Uliza pia shata imefyatuka mara ngapi. Shata za kamera za wanaoanza hukadiriwa kudumu mara 100,000 hivi, kwa hivyo iliyofika 90,000 haifai kuuzwa kwa bei ya iliyofika 5,000. Mwisho, jaribu betri, flashi na kila kitufe.

Kanuni ya tatu: soma nambari ya usajili iliyo chini ya kamera, uilinganishe na ya kwenye boksi au risiti. Ikiwa imekwanguliwa, shika njia uende. Kupokea mali ya wizi huku ukijua ni ya wizi ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 14.

Sasa tuje kwenye kurudisha, jambo ambalo wengi hulikumbuka maji yakiwa yamezidi unga. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kulipa, hifadhi tangazo lote kwenye simu. Sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Akiandika "lenzi haina kasoro", amejifunga. Lakini kasoro uliyoiona, au ambayo ungeiona kwa kukagua, ni vigumu kuilalamikia baadaye. Andikianeni karatasi fupi: bei, nambari ya kamera, hali yake, na siku za majaribio, tuseme tatu au saba. Kila mmoja atie sahihi.

Hitilafu ikijitokeza, usimpe fundi aifungue, maana muuzaji atasema ninyi ndio mlioiharibu. Piga picha za hitilafu, mwandikie muuzaji siku hiyo hiyo, mkutane pale pale mlipokutana. Kamera na pesa zibadilishane mikono kwa wakati mmoja. Usitegemee kurudishiwa pesa na M-Pesa kwa kutuma ujumbe kwa 456. Njia hiyo ni ya aliyekosea nambari, si ya aliyejutia bei.

Muuzaji akikaidi, mzazi anaweza kwenda katika Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, iliyofunguliwa mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, wakili si lazima, na kesi hutakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60.

Na wanaoagiza ng'ambo? eBay huwalinda wanunuzi, lakini kamera ikipelekwa kwanza kwa wakala wa Marekani kisha akaileta Nairobi, ulinzi huo waweza kupotea. Aidha kuna ushuru, VAT ya asilimia 16, na nauli ya kuirudisha. Waweza kukuta nauli imeimeza nusu ya bei.

Kwa hivyo, wenzangu, kamera nzuri za mtumba zipo tele, na wauzaji waaminifu wapo. Huyo mwaminifu hatakasirika ukitoa tochi na karatasi. Anayekasirika amekwisha kukujibu. Tahadhari kabla ya hatari!